Muuguzi wa Kibirichia na Gari la Matangazo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Embu kwa viatu vya kuazima, nikiwa nimekariri njia nzima namna ya kusema "Watu wote, sikilizeni" kwa sauti nzito. Sikupewa nafasi ya kusema hata neno moja. Mtangazaji Mkuu wetu alikuwa Mwembu mrefu aliyeacha chaki akaingia serikalini, na kwa sababu hiyo sote tulimwita Mwalimu Njeru. Alinionyesha kina mama waliokuwa wakiuza uji kando ya soko.

"Nenda ukae pale," aliniambia. "Ukirudi, uniambie wamesema nini."

"Kuhusu nini, Mwalimu?"

"Kuhusu sisi."

Nilikaa, nikanywa uji, nikarudi nikamwambia kwamba wamefurahishwa sana na matangazo ya serikali.

"Wametamka kwamba wamefurahi?"

"Hapana, Mwalimu. Mmoja alisema gari letu linalia kama punda aliyekanyagwa mguu."

"Basi hilo ndilo neno. Lete maneno na matope yake. Usiyaoshe njiani."

Ninyi vijana mnaobeba redio mfukoni, niwaeleze kazi hii ilivyokuwa. Gari la matangazo lilikuwa na watu watatu: dereva, fundi wa mitambo na mtangazaji. Juu ya paa palikuwa na pembe mbili za bati, na ndani kulikuwa na amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti, uliokula betri kama ndama anavyonyonya. Pembe hazikuelekezwa upepo unakotoka, maana upepo huirudisha sauti kooni. Tulianza kwa santuri ya muziki ili watu wakusanyike. Kisha nilisoma tangazo kwa Kiswahili, nikalirudia kwa lugha ya mahali. Baada ya hapo fundi alizima mtambo, na kazi yenyewe ikaanza. Tuliiita "kukaa". Mtangazaji alishuka, akakaa na watu, akasikiliza tangazo lilivyoanguka miongoni mwao. Jioni alimpelekea mkubwa wake maneno hayo kwa mdomo. Kusema kila mtu aliweza. Kukaa kulitaka moyo, hasa Hali ya Hatari ya wakati wa mkoloni ilipoingia na watu wakaanza kulitazama gari letu kama mtu anavyomtazama nyoka bila kujua kama ana sumu.

Miaka hiyo ndiyo nilihamishiwa Meru, nyumbani. Mkubwa wangu mpya alikuwa Bwana Afisa wa Habari, Mzungu mwembamba aliyekuwa amejifunza Kiswahili Pwani na kukitamka kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Juu yake alikuwapo Bwana DC, Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuwa mtu wa kusikiliza mara mbili.

Mlima wetu ulikuwa umefungwa. Msitu ulikuwa na wapiganaji, vijiji vilikuwa na homugadi, yaani askari wa ulinzi waliochaguliwa kutoka kwetu wenyewe, na katikati palikuwa na watu wa kawaida waliotaka tu kulima viazi vyao. Katikati hiyo pia alikuwapo Zainabu.

Zainabu alikuwa muuguzi wa zahanati ya Kibirichia, karibu na ukingo wa msitu. Baba yake, Mzee Athumani, alikuwa na bucha katika mtaa wa Waislamu mjini Meru. Binti huyo aliongea Kimeru kama aliyezaliwa huko huko Buuri, na wanawake wa huko walimpenda kwa kuwa alipasha mikono yake moto kwanza kabla ya kumgusa mzazi. Asubuhi moja watu wa msituni walimchukua kutoka zahanati pamoja na sanduku lake la dawa. Walimwachia mfagiaji ujumbe wa mdomo: serikali iwaachilie wanawake wa Kibirichia inaowazuia kambini kwa kudhaniwa kupeleka chakula msituni, na muuguzi atarudi.

Jibu la serikali nililisoma mimi. Soko la Kibirichia litafungwa. Ng'ombe wa kijiji watashikwa na kuzuiwa ndani ya seng'enge. Muuguzi asiporudi kabla ya siku ya soko inayofuata, ng'ombe watauzwa, na jeshi litaingia msituni pamoja na ndege.

Nilianzia mjini, mbele ya bucha. Hapo maneno yaligawanyika kama nyama.

"Safi," alisema mchinjaji mmoja huku akinoa kisu. "Serikali ikipiga magoti leo, kesho watachukua mke wangu."

"Mke wako watamrudisha wenyewe kabla ya saa sita," alijibu mwenzake, na wote wakacheka, kisha wakakumbuka ni duka la nani na wakanyamaza.

Mzee Athumani alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa. "Ndege inajua kuchagua?" aliniuliza. "Ikitupa bomu, itasema, huyu ni Zainabu, huyu mpiteni?"

"Sijui, mzee."

"Basi waambie hivi. Mimi sitaki serikali ishinde. Nataka binti yangu."

Kesho yake tulipanda Kibirichia. Tulikuta askari wamezunguka soko tangu alfajiri, maana siku hiyo ndiyo agizo lilianza kazi, na wanaume wote waliokutwa humo wameingizwa ndani ya seng'enge wachujwe, yaani waulizwe mmoja mmoja wana uhusiano gani na msitu. Ng'ombe walikuwa seng'enge ya pili, wakilia kwa kutokamuliwa. Nilisoma tangazo langu. Wanawake walikuwa wamekaa chini na magunia yao ya viazi, wakitazama upande wa ng'ombe.

Nilikaa nao. Mama mmoja, mwenye kucha nyeusi kwa udongo, alinikaribisha kwa Kiswahili cha sokoni ili dereva naye asikie.

"Karibu, redio ya serikali. Ng'ombe yangu imesema kitu huko ndani? Imetaja jina ya mtu?"

"Bado, mama."

"Ni ngumu hiyo. Ni kama baba ya watoto wangu." Wenzake walicheka kwa pua. Kisha akahamia Kimeru na sauti ikashuka. "Mwanangu, yule binti alinizalisha mapacha. Sisi hatutaki afe. Lakini nyumba ikifungwa, mtu hutafuta ufunguo. Serikali yenu imefunga ufunguo ndani ya nyumba."

Nilimuuliza ana maana gani. Akaonyesha kwa kidevu, kwenye seng'enge ya wanaume, mzee aliyeketi juu ya mfuko wake wa mtama. Aliitwa M'Ruteere, mtu wa Mitunguu, kule chini kwenye joto. Alikuwa amepanda kubadilisha mtama wake kwa viazi, na mtego ulipofunga, ukamfunga naye.

"Yule mkubwa wa wale walio msituni tunamjua ukoo wake," mama aliniambia. "Na ukoo wa yule mzee ni gichiaro kwao."

Vijana wa leo mnalisikia neno hili kwenye harusi tu. Gichiaro ni udugu wa kiapo kati ya koo mbili, ulioapwa na mababu. Mtu wa gichiaro anakuzidi ndugu wa tumbo moja. Akiomba, hukatai. Ukimdanganya au ukimwaga damu yake, laana inakula nyumba yako hadi wajukuu. Mkubwa wa msituni angeweza kukataa amri ya DC na bunduki za jeshi lote. Asingeweza kumkataa mzee mmoja wa Mitunguu mwenye mfuko wa mtama.

Jioni hiyo nilimpelekea Bwana Afisa wa Habari maneno yote, ya mchinjaji, ya Mzee Athumani, ya mama wa viazi. Hakukatiza. Nilipofika kwenye ufunguo alivua miwani.

"Watu wote pale wanajua jambo hili?"

"Wote, Bwana. Hata homugadi."

"Na hakuna aliyetuambia?"

"Hakuna aliyewauliza, Bwana. Waliambiwa tu."

Alinichukua hadi kwa Bwana DC, ambapo nilisimama mlangoni. Bwana DC alisema serikali haibembelezi wahalifu kwa njia ya vizee. Bwana Afisa alimjibu taratibu kwamba hakuna anayebembeleza. Mzee anatolewa kwenye seng'enge kwa kuwa hana kosa. Akipenda kutembea kuelekea msituni, ni miguu yake. Mwisho Bwana DC akasema mzee aletwe.

M'Ruteere aliingia na mfuko wake. Alikataa kiti. Aliuliza jambo moja tu, nami nikalitafsiri.

"Gichiaro ina ncha mbili. Nikimwomba yule wa msituni binti, atanipa. Lakini naye ana haki ya kuniomba, na mimi siwezi kumnyima. Ataniomba wale wanawake. Nitampa nini, nami sina funguo za kambi?"

"Mwambie serikali haibadilishani watu," Bwana DC alisema.

Nilimwambia. Mzee aliinama akaukaza mdomo wa mfuko wake. "Basi mwambie siendi. Siwezi kwenda kuiba kwa jina la mababu."

Niliwaza juu ya Mzee Athumani na meza yake, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilitamani kusema neno ambalo sikutumwa kulisema. Bwana Afisa alinitangulia.

"Wale wanawake wameshtakiwa kwa kosa lolote?"

"Bado wanachunguzwa."

"Tangu mvua za kwanza. Kama hakuna shtaka, kuwaachilia ni kufuata sheria tu. Hakuna atakayehitaji kusema tumebadilishana."

Kesho yake, kwa amri ya Bwana DC, wanawake waliachiliwa. Mjini yule mchinjaji wa kisu alitema mate nilipopita. "Nilisema mimi. Magoti hayo." Huko juu wanawake waliotoka kambini walipita mbele ya seng'enge ya ng'ombe bila kuimba, wakaingia majumbani. Wengine walikuwa wajawazito. M'Ruteere akashika fimbo yake, akapanda peke yake kuelekea kwenye miti. Bwana DC alikuwa ametoa amri asifuatwe, na namshukuru kwa hilo hadi leo, maana wapo waliotaka kumfuata kwa siri, na siri hiyo ingemuua Zainabu.

Siku zile za kungoja ndizo ngumu kuliko zote nilizofanya kazi. Gari lilisimama. Sikuwa na tangazo. Kila asubuhi nilipita bucha, na kila asubuhi Mzee Athumani aliniuliza kwa macho, nami nikamjibu kwa macho.

Walirudi mchana, jua likiwa limelalia mashamba ya viazi kama kuku juu ya mayai. Mzee alikuwa mbele, Zainabu nyuma, sanduku la dawa kichwani, likiwa tupu. Alikuwa amekonda, viatu vimeisha. Baba yake, aliyekuwa ameletwa na gari letu baada ya habari kufika mjini kwamba wanashuka, hakukimbia. Alitembea hadi kwake, akalishusha lile sanduku kutoka kichwani mwake, akalikumbatia sanduku kwanza kwa sababu mikono haikujua pa kwenda. Kisha akalia.

Bwana DC alikuwa na tangazo tayari. Lilisema msimamo imara wa serikali umemwokoa muuguzi. Bwana Afisa alinipa karatasi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Watasema nini?"

"Watacheka, Bwana. Wengine wataudhika. Mzee yuko hapa hapa, wanamwona."

Alikata mistari kwa kalamu mpaka ikabaki, "Muuguzi amerudi salama. Soko limefunguliwa." Nikasoma hivyo.

Bwana DC alitaka Zainabu naye aseme neno la shukrani. Nilimpa kipaza sauti, nikamwonyesha umbali wa kukiweka na mdomo. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama, hata wanaume waliokwisha kuchujwa na kuachiliwa. Alivuta pumzi, na pembe mbili za bati zikaipeleka pumzi ile bondeni.

"Namshukuru Mungu," alisema kwa Kimeru. "Namshukuru mzee huyu. Kule nilifunga vidonda, sikupigwa. Ninyi mliniombea, najua." Akageuka akamtazama Bwana DC, akahamia Kiswahili. "Na serikali nitaishukuru. Lakini naona ng'ombe bado wamefungwa. Mimi nimerudi. Ng'ombe wa watu wanangoja nani?"

Fundi alinitazama, mkono juu ya swichi. Mimi nikamtazama Bwana Afisa. Bwana Afisa alitikisa kichwa kidogo sana kukataa, na mtambo haukuzimwa. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, na kama ningeulizwa ni nani aliyenifundisha maana ya cheo, ningetaja kichwa kile kilivyotikisika.

Ng'ombe walilia nyuma ya seng'enge. Maelfu ya maneno yalikuwa kwenye nyuso, na Bwana DC, ambaye hakusikiliza mara mbili, safari hii alisikia mara moja ikamtosha. Alisema neno kwa sajini. Seng'enge ikafunguliwa. Ng'ombe walitoka wakisukumana, na kila mmoja akaelekea nyumbani kwao bila kuongozwa. Yule mama wa mapacha alimpita Bwana DC mbio akifuata wake, akisema, "Asante, asante, nipishe."

Baada ya hapo nilitumwa kwingi, Chuka, Isiolo, kisha Embu tena, chini ya wakubwa wa rangi zote, hadi bendera ikabadilika na magari ya pembe yakawekwa kando. Nilistaafu kwa amani. Nimeona serikali zikikabiliwa na mambo ya watu kushikwa, na kila mara nimewasikia watu wakibishana kama bucha ile, magoti au ngumi. Mimi ubishi huo nimeuacha. Nashukuru tu kwamba nilikuwapo siku ambayo kila mmoja aliachilia alichokuwa amekishika.

Zainabu alipewa uhamisho kwenda mjini, akaukataa, akabaki Kibirichia mpaka nywele zikawa nyeupe. Wanawake waliotoka kambini walijifungulia mikononi mwake. Kwetu mtoto hurithi jina la bibi au la babu, si la mgeni, lakini wao walivunja utaratibu wakawaita mabinti wao Zainabu, na wazee hawakusema kitu. Ndiyo maana ukienda kule leo utakuta akina Zainabu waliobatizwa, wanaoimba kwaya Jumapili na kulima viazi Jumatatu.

Mjukuu wa mmoja wa wanawake wale, naye Zainabu, ni muuguzi hospitalini hapa Embu. Ndiye anayenipima presha kila mwezi. Akishafunga kitambaa mkononi mwangu, nami nimeanza hadithi yangu, huniambia kwa upole, "Babu, nyamaza kidogo, mashine isikie."

Nami hunyamaza.