Dobi Aliyewasahau Wenye Nguo

"Baba mdogo, ukianguka huwa unakwenda wapi?"

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza hivyo, mbele ya wageni, mdomo umejaa mkate. Mama alinifinya paja. Baba mdogo akacheka, akasema swali hilo ni zito, akimaliza kukunja mashuka atanijibu. Mashuka aliyamaliza. Jibu halikuja.

Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya kinyozi na fundi vioo: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, ndoo ya wanga, na kamba nne za kuanikia zilizoning'inia chini kiasi kwamba mtu mrefu aliingia akiwa ameinama kama anaomba radhi. Watu walimwita Karani, kwa mzaha, maana hakuwahi kushika kalamu. Madobi wengine hushona uzi wa rangi kwenye kola ili wajue nguo ni ya nani. Yeye alisema nguo si ng'ombe, haipigwi chapa. Alizijua tu. Shati hili kola imelika upande wa kushoto, basi ni la seremala, anayebana simu kwa bega huku akipiga randa. Suruali hii imepauka magoti, ni ya fundi vigae. Mteja alikuwa hajamaliza salamu, nguo zake ziko mezani. Kinyozi alikuwa akisema, ukitaka kumficha Karani jambo, tembea uchi.

Kifafa kilimwanza ukubwani, mwaka mmoja baada ya kuteleza kwenye ngazi na kupasuka kichwa. Mwanzoni alianguka mara moja kwa miezi kadhaa, kisha ikawa kila wiki. Dawa zilipunguza, hazikumaliza. Akizinduka alikuwa kama mtu aliyeamshwa katikati ya safari asijue gari limefika wapi, na siku nzima kichwa kilimwelemea. Siku moja alianguka pasi ikiwa mkononi. Ikamwachia kovu kwenye mkono, jekundu, lenye ncha.

Tangu hapo mama mdogo, mkewe, akashika pasi. Karani akabaki na kupokea nguo, kufua, kupanga na kurudisha. Baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa, alitaka meza ifungwe kabisa ili mdogo wake akae nyumbani apumzike. Karani alilisikia neno hilo kama hukumu. Alimwambia mkewe kwamba akishaketi kwenye kiti cha kupumzikia, hatainuka tena. Ndugu wakajadiliana wee, mwisho wakapatana: aendelee, lakini siku atakapoharibu kazi ya mteja mkubwa, meza itaondoka na hakuna atakayebisha. Karani mwenyewe alitoa mkono.

Sasa fikiria mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kukumbuka, akaanza kusahau. Alisimama na shati mkononi, akaligeuza, akalinusa, akalitazama kola. Hakuna kitu. Alianza kukunja taulo, redio ikasema neno, mikono ikasimama hewani na taulo lake. Alimuuliza mkewe kama amekula, akajibiwa, akamuuliza tena, mpaka mara ya nne mama mdogo akajibu huku amegeukia ukutani. Kwa wateja akabuni ujanja. "Hebu chagua mwenyewe," aliwaambia, "nione kama unazijua nguo zako." Walicheka, wakisema Karani na vituko vyake. Mmoja akajichagulia shati zuri kuliko alilolileta, akaenda zake.

Kisha likaja jambo la koti. Lilikuwa kwenye rafu ya juu, la kijivu, halikuwa limechukuliwa kwa muda mrefu. Karani alilishusha na moyo ukamruka. Hili alilijua. Kiwiko kimetiwa kiraka cha ngozi, mfuko wa ndani una vumbi la chaki: koti la mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona. Hakumngoja mkewe. Alilipiga brashi, akalitundika kwenye kiango cha nguo, akatembea nalo mkono umenyooshwa mbele kama anabeba keki. Mke wa mwalimu alipofungua mlango, Karani alisema kwa furaha kwamba ameleta koti la mzee, na samahani kwa kuchelewa. Mama yule alilitazama koti, akamtazama yeye. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango taratibu.

Karani alirudi akipiga mluzi. Alimsimulia mkewe neno kwa neno, hata kile kiraka. Mama mdogo aliweka pasi chini.

"Mume wangu, mwalimu tulimzika. Suti aliyozikwa nayo uliipiga pasi wewe."

Karani aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jioni.

Daktari aliwaeleza kwamba kifafa chenyewe hula kumbukumbu, na dawa nazo wakati mwingine hulegeza umakini, lakini asithubutu kuziacha. Aandike kila kitu. Basi Karani, baada ya miaka yote ya kujigamba, akanunuliwa daftari dogo na kalamu ya wino. Aliona haya, akawa anaandika amewapa wateja mgongo. Shati la nani, linachukuliwa lini, amekunywa dawa au bado, nani amefariki. Ukurasa huo wa wafu aliuweka wa kwanza. Daftari lilikaa mfuko wa kifuani pamoja na kalamu, na kwa miezi minne lilimbeba. Hata baba aliacha kutaja meza.

Mteja wao mkubwa alikuwa zahanati: gauni nyeupe za wauguzi, thelathini na mbili kila wiki. Asubuhi moja Karani alizifua akiwa ameanguka jana yake. Sheria ya kwanza ya udobi ni mifuko kwanza, maji baadaye, na yeye aliifuata kama sala. Alipekua mifuko yote, mmoja baada ya mwingine, akatoa pini ya nywele, peremende na kipande cha bandeji. Akazitumbukiza gauni kwenye maji ya moto. Akaona shati alilovaa limelowa jasho. Akalivua, akalitumbukiza nalo.

Mama mdogo aliporudi kutoka sokoni, maji yalikuwa ya buluu, na gauni zote thelathini na mbili zilikuwa za buluu, mabaka mabaka. Karani hakuwa akizitazama. Alikuwa anabandua kurasa za daftari zilizogandana, moja moja, kwa kucha, na kuzianika kwenye kamba kwa vibanio. Zilikuwa tupu. Alimvuta mkewe mkono, akamwonyesha ukurasa mmoja.

"Huu ulikuwa wa nani?"

Muuguzi mkuu hakupaza sauti. Alizihesabu gauni zake, akasema pole, akazibeba. Kesho yake baba akaja na watu wawili kuchukua meza. Alisimama mlangoni ameinama chini ya kamba, hakuweza kumtazama usoni.

"Ndugu yangu, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini?" Karani akauliza. Hakuwa anabisha. Alitaka kujua.

Sasa niko kidato cha tatu, na baba mdogo yuko kwenye kiti kile alichokiogopa, kibarazani kwetu. Jumamosi iliyopita alianguka asubuhi. Alipozinduka nilikaa naye, nikamfuta mate, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Akaitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni. Ndipo nikamuuliza tena, kwa sauti ya chini safari hii, akianguka huwa anakwenda wapi. Akaishika kola ya shati langu, akaigeuza.

"Mimi siendi popote," alisema. "Ni nyinyi mnaoondoka. Nikifumbua macho nakuta nguo zenu zimesimama mbele yangu, na wenyewe hamumo."