Panda ya Kibuyu cha Maziwa

Siku ya saba baada ya kumzika nyanya, tulibomoa nyumba yake ya mikeka hapa Rhamu. Nikafikia panda ya mti wa mkole iliyoshika kibuyu chake cha maziwa. Ncha zake mbili bado zina alama za mpira wa manati yangu. Nikaketi nayo chini, ndugu yangu, nikacheka huku machozi yananitoka.

Nilipokuwa msichana mdogo, jirani alitafuta mtoto wa kufukuza tumbili kwenye mahindi yake kando ya mto Daua. Atakayeangusha makopo matatu kwa manati ndiye atakayekaa kivulini na kula mahindi mabichi msimu mzima. Mimi nilikuwa mteka maji, mgongo umechubuka kwa mtungi. Niliitaka kazi ile kuliko nguo ya Idi.

Wavulana walikata panda za manati kwenye mathenge, mti mgumu uliojaa kila mahali. Nami nikakata. Nyanya akaukwaruza kwa ukucha.

"Mbichi. Jua likiupata, unapasuka."

"Wote wamekata huu, ayeeyo," nikamjibu nyanya.

"Wamewauliza baba zao. Nani hujenga nyumba hapa?"

Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, na mti hukaa juu ya moshi muda mrefu kabla ya kuaminiwa. Hakuwa na mwingine mkavu. Akateremsha kibuyu, akang'oa panda yake, akaigonga kwenye jiwe la mlangoni. Ikalia ko, ko.

"Umesikia? Huu umemaliza machozi yake."

Siku ya kushindana, mwana wa jirani aliponiona akauliza, "Abaayo, dada, umeleta kuni?" Wakaangua kicheko. Yeye aliangusha mawili. Akilenga la tatu, panda yake ya mathenge ikapasuka, mpira ukamchapa kidevuni.

Sitadanganya: kopo la pili nililiparuza tu, likayumba kwanza. La tatu liliruka hadi majini.

"Wallahi, tumbili wamekwisha!" jirani akapiga kelele. Nyanya alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika.

Hindi la kwanza kuchoma nilimpelekea yeye. Msimu mzima kibuyu chake kilikaa chini, kimeegemea mawe, na hakulalamika. Mavuno yalipoisha niliirudisha panda mahali pake.

Siku hizi tuna mabati na gesi. Hakuna tena moshi wa kukausha mti. Leo nimeigonga kwenye jiwe lile lile la mlangoni. Ko, ko. Yenyewe ilimaliza machozi yake zamani. Mimi bado.