Klachi ya Mama

Juzi, kwenye gereji moja ya Boko, niliona injini ikining'inia kwenye mnyororo. Nikanusa ile grisi, hasira ikanipanda upya.

Nilipokuwa mdogo, mchana mmoja kwetu Temeke, baba alirudisha gari kuukuu ambalo mama aliachiwa na babu. Alikuwa amelifungia injini ya kisasa na gia za otomatiki, likinguruma kwa sauti ya kigeni. Nikachungulia chini ya usukani, nikaona pedali moja haipo, nikapiga kelele: "Mama, wameiba klachi!"

Baba akacheka, akampa mama ufunguo. "Nimekurahisishia, mama Zuhura. Wanawake na klachi wapi na wapi?"

"Nilikulalamikia lini?" Mama akamrudishia ufunguo. "Haya, endesha wewe."

Labda namwonea baba. Injini ya zamani ilikuwa inatuzimikia njiani, na sasa najua gari la otomatiki halinaga klachi. Lakini lilikuwa gari la mama, na hakuulizwa. Hakuligusa tena. Baba akaja kuliuza, akisema mama hana shukrani.