Mtandio Wameuchukua, Swali Hawakuuliza

Wiki iliyopita nilikwenda kumtazama jamaa yangu katika wodi ya kufungwa ya wagonjwa wa akili, hapa Unguja. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Chwaka, amekuja kumuona binti yake. Muuguzi akaupekua mkoba wake, akatoa mtandio.

"Huu hauingii, Bi mkubwa. Mwanao alijaribu kujidhuru."

"Na ule wake wa kusalia?"

"Tulishauchukua. Usalama."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Lakini mmemuuliza kama bado anataka kufa?"

Muuguzi akarudi nyuma kama aliyetukanwa. "Astaghfirullah! Mambo hayo hatuyataji. Ukimuuliza utamtia fikra. Na yule mtoto wa Kiislamu, anasali."

Anasali! Anasali na nini, na mtandio mmeuchukua?

Binti akaletwa, mikono kichwani, akijiziba nywele. Mama akaishusha mikono ile taratibu, akaishika. "Mwanangu, unataka kufa?"

Binti akalia kwanza. Kisha akasema, "Nlitaka jana, na leo asubuhi. Nlikuwa nangoja mtu aniulize."

Mtandio uchukueni ikibidi, sina ugomvi. Lakini kumvua mtu sitara yake, kisha mkaona haya kumuuliza neno moja, huo ni ulinzi gani? Mama yule hakumtia binti yake fikra yoyote. Aliikuta humo humo, imefungiwa naye chumba kimoja, na ufunguo mnao nyinyi.