Marehemu Tarishi

Yule fundi wa makochi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sponji hakuzaliwa mtu wa vitabu. Shule aliiacha mapema, akaingia kwenye karakana ya baba yake mdogo kuvalisha viti chakavu, na tangu hapo kitu alichosoma kila siku ni sura za wateja. Hizo alizisoma vizuri. Mteja akisema kochi lake ni la kurekebisha kidogo tu, yeye alishajua springi zimekatika, na alijua kwamba mteja naye anajua. Hapo bei ilianzia juu na haikuwa na haraka ya kushuka.

Vitabu alivinunua kwa kilo, kama makaratasi mengine. Alivitaka vya kukatia vipimo vya mikono ya makochi kabla hajatia mkasi kwenye kitambaa cha watu. Siku moja alishika kitabu kisicho na jalada, mkasi umeshapanuka, jicho likaangukia mtu ananing'inia chini ya daraja, barua ameiuma kwa meno, na juu yake askari wanaikata kamba. Akasema asome mpaka ajue kama kamba imekatika, halafu akate karatasi. Hajaikata mpaka leo.

Kilikuwa kitabu cha tatu katika hadithi ndefu ya zamani za wafalme, ya mtu aitwaye Tarishi, mbeba barua wa wafalme wawili waliochukiana. Enzi hizo barua ilikwenda kwa miguu, na mbebaji alichinjwa kwa habari asiyoiandika. Mama Sponji alimpenda Tarishi kwa sababu hakuwa mjinga. Mahali ambapo shujaa mwingine angechomoa upanga, Tarishi aliuliza bei. Alimwomba mlinzi wa ngome njia, akakataliwa, akamsifia viatu, akajua mlinzi ana mke mgonjwa, na kabla jogoo hajawika alikuwa ng'ambo. Huyo, alisema Mama Sponji, angeweza kuuza makochi.

Akavitafuta vingine. Humo katika kutafuta akagundua kumbe hayuko peke yake: wifi yake, dada wa mumewe, anayeuza katika duka la dawa, alikuwa navyo viwili; fundi saa wa jirani alikuwa navyo vitatu; na nesi wa zahanati alikuwa na mdomo tu, maana alivyokuwa navyo aliwahi kuviazimisha vikapotea. Wakawa wanabadilishana. Kipya kikitoka walinunua kimoja kwa shirika, kikapita mkono kwa mkono, na sheria ilikuwa moja: hakuna kufungua mdomo mpaka wa mwisho amalize. Wa mwisho siku zote alikuwa Mama Sponji, kwa kuwa alisoma mchana tu, akiwa amekaa kwenye kochi la mteja lililokwisha. Ukimkuta alisema analijaribu.

Kitabu cha tisa kilikuwa kwake, naye yuko katikati, Tarishi amezingirwa na wafalme wote wawili, ndipo wifi alipokuja kuchukua mito yake. Mmoja ulikuwa tayari, wa pili bado ganda tupu. Wifi aliingia na uso wa msibani, akajitupa kitini. "Wifi yangu," akasema, "tangu asubuhi namwaza marehemu Tarishi, kazi haishikiki."

Mama Sponji alikuwa na misumari mdomoni, kama mafundi wa viti wote. Akaitema mmoja mmoja kiganjani, taratibu, na waliomjua wangekimbia wakati huo.

"Umemwita nani?"

"Kwani hujasikia?"

"Nisikie wapi, na kitabu nipo katikati?"

Wifi akashangaa, akafungua mdomo aeleze. Mama Sponji akainua nyundo, si ya kupiga, ya kunyamazisha. "Usiongeze hata herufi. Chukua mto wako uondoke. Na huo usiojaa, kaujaze mwenyewe, maneno unayo."

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, lakini kwetu neno hilo halibembelezi. Halitangulii jina la mtu anayepumua. Hata mtoto akilisikia anajua biashara imeisha. Kurasa zote alizobakiza Mama Sponji, mizunguko yote, mapatano yote, wifi alikuwa ameyafunga kwa pumzi moja akiwa hata hajavua viatu.

Watu walidhani ni hasira ya kitabu. Mume wake alidhani hivyo, akasema jioni kwa sauti ya mpatanishi kwamba si busara kumnunia dada yake kwa ajili ya mtu wa kubuniwa. Mkewe akamuuliza timu yake ikifungwa kwa nini nyumba nzima inakula kwa kunong'ona, na wale wachezaji wanamjua kwa lipi. Mume akatafuta njia nyingine: kwa nini asifunue ukurasa wa mwisho aone, ayamalize? Mama Sponji alimtazama mpaka akakumbuka kwamba hajafunga dirisha.

Ukweli ni kwamba kila kitu alichokitengeneza mwanamke yule kilikaliwa na wengine. Kochi likiisha linabebwa. Chakula kikiiva kinagawanywa. Mwisho wa kitabu hakuna aliyemwomba, hakuna aliyekuwa akiungoja nyuma yake. Ulikuwa wake, naye alikuwa akiuendea kwa mwendo wake. Sasa umeliwa na mtu ambaye hata hakuwa na njaa nao, kwa sababu alikwisha kula wake. Hilo ndilo lililomkereketa.

Akakifunga kitabu kwenye kipande cha kitambaa, akakitupa juu ya rafu. Tena akapiga marufuku: jina la Tarishi lisitajwe karakanani. Mteja mmoja alianza kusema, "Hivi mmesikia Tarishi..." akajikuta anatolewa nje pamoja na vipimo vyake. Nesi akipita aliuliza kutoka barabarani, "Umefika wapi?" kwa sauti ile anayoulizia wagonjwa kama wamepata choo. Fundi saa naye akaanza kununa, maana alikuwa na maneno ya kitabu kizima tumboni na sheria imemziba. Upande wa pili wifi alituma salamu kupitia kwa kaka yake kwamba hana deni la kujieleza kwa mtu aliyemfukuza kama paka wa jikoni. Mama Sponji akajibu kupitia njia hiyohiyo kwamba paka angekuwa na adabu ya kutosema.

Wiki zikapita hivyo. Kisha mchana mmoja fundi saa akaingia bila kubisha hodi, amekunja uso.

"Dada, hii ya leo siwezi kuinyamazia," alisema. "Eti mtoto wa Tarishi ndiye atakayemalizia kitabu cha kumi."

Mama Sponji akaweka mkasi chini. "Na wewe umekuja kunisimulia? Mpaka nilipofika Tarishi hana mtoto wala mke! Mmeniambia amekufa, sasa mnaniletea na warithi?"

Fundi saa akamtazama kwa muda, kama anayetazama saa inayorudi nyuma. "Namsema mwandishi," alisema pole pole. "Si ndiye aliyefariki? Huku si wote tunamwita Tarishi, kwa jina la mtu wake? Ilitangazwa redioni asubuhi ile uliyomfukuza wifi yako, kila mtu kasikia."

Kila mtu, isipokuwa aliyekuwa amekatazia jina hilo mlangoni kwake. Habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima ikaishia kizingitini.

Basi hasira ikakosa pa kukaa. Mtu mwingine angeona aibu. Mama Sponji aliona amepoteza wiki nzima za kusoma. Akamtoa fundi saa, akafunga karakana jua likiwa utosini, akakaa kwenye kochi la mteja, akasoma mpaka mwisho.

Tarishi yu hai. Amewaponyoka wafalme wote wawili, amefika kwenye lango alilokuwa akiliendea tangu kitabu cha kwanza, barua mkononi haijafunguliwa, na nyuma yake anasikia hatua za mtu anayemfahamu. Hapo karatasi ikaisha. Mengine yangekuja katika cha kumi, na mwenye cha kumi yuko kaburini.

Kuna hasira ya kugombana na mtu, na kuna hasira ya kugombana na aliyekwisha kwenda. Hii ya pili haina punguzo. Mama Sponji alisema peke yake, kwa sauti, kwamba fundi gani huyo anayeacha springi nje akaondoka. Kisha akaujaza ule mto wa pili ambao wifi aliuacha, akaushona, akaenda nao kwa wifi yake.

Wifi alisimama mlangoni, hakupisha. "Umekuja kuniomba radhi?"

"Nimekuja tupatane."

"Radhi kwanza."

"Ulikosea kusema Tarishi kwa mtu aliye katikati ya kitabu. Ungesema mwandishi."

"Na wewe ulikosea kuniinulia nyundo."

"Nilikosea. Tumelingana. Nipishe."

Akapishwa. Hata hawajakaa wakawa wameshaanza: zile hatua ni za nani. Wifi akasema za mfalme mdogo. Mama Sponji akamuuliza kama vitabu vyote tisa alivisoma juu chini, maana hatua zile ni za yule mlinzi mwenye mke mgonjwa, mtu pekee ambaye Tarishi hakumlipa. Wakageukia habari ya mtoto wa mwandishi. Wifi aliona heri amalizie, mwisho wowote ni mwisho.

"Mimi nikifa na kochi mkononi," alisema Mama Sponji, "asiliguse mtu. Mwenyewe arudishiwe na mbao zake." Akafikiri, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara, na kukataa kabisa si biashara. "Kikitoka, soma wewe kwanza. Mtoto akimuua Tarishi, njoo uniambie siku hiyohiyo, nisikifungue."

"Na asipomuua?"

"Funga mdomo."

"Basi nikifunga mdomo utakuwa umeshajua kwamba yu hai."

Ilikuwa kweli, na hakuna kitu kilichomuudhi Mama Sponji kama kushindwa hesabu nyumbani kwa watu. Damu ikampanda upya, sasa kwa wote: kwa mwandishi aliyekufa, kwa mwanawe mwenye haraka, kwa wifi anayecheka.

"Basi tusikisome, wote."

"Nesi atakisoma."

"Nesi," alisema Mama Sponji, akivuta kiti karibu, "niachie mimi."