Uzi Mmoja, Viuno Viwili

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Nimeshaambiwa nilikuwa na homa. Nimeshaambiwa uzazi ulinipanda kichwani. Shekhe mmoja aliniambia kwa upole kwamba huenda nilisinzia mkekani nikaota. Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba mtu hasinzii akiwa na sindano mkononi. Haya yalinipata mimi, jua linawaka, barazani kwangu Ujiji, na nitayasema kama yalivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa kwa mitumbwi na maboti. Mji wote ulijaa watu. Waliokuwa wakingoja malori ya kuwapeleka kambini walizunguka mitaani kuomba maji, chumvi, au mahali pa kuogeshea watoto. Mgeni akibisha hodi hukumuuliza mengi. Ulimpa ulichonacho, naye akaenda zake.

Mimi nilikuwa na binti yangu wa kwanza, Zuhura, miezi minane, mnene hadi mikono ina mikunjo. Baba yake alikuwa kijijini Mwamgongo kwenye uvuvi wa dagaa, nami nilibaki nyumbani na mama mkwe. Mchana mtoto akilala, natandika mkeka barazani, namwaga shanga kwenye sinia, natunga. Bangili, vikuku, mikufu ya kufuma yenye maua. Sikuuza hata kimoja. Nilitunga kwa sababu napenda, basi. Mama mkwe aliiita kazi ya mtu asiye na kazi, lakini bangili zangu alizivaa kila penye harusi.

Sasa, kwetu mtoto mchanga anafungwa shanga kiunoni. Si pambo tu. Zikimbana, unajua anakua, unaongeza punje. Zikilegea na kuteremka, unajua kuna jambo, unakimbia kliniki. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kuzitunga, na alinipa sharti moja: kila kiuno na uzi wake. Ukishampima mtoto mmoja, kata uzi kabla haujagusa mwingine. Nilidhani ni mambo ya wazee tu, tena wazee wenye uzi wa kuchezea.

Ijumaa moja baada ya Alasiri nilikuwa nimesokota uzi wa pamba, nikaupaka nta ya mshumaa, nikampima Zuhura nao maana shanga zake zilikuwa zimembana. Nikaweka fundo kwenye kipimo. Sijakata bado, hodi.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, kitenge cha kijani, mtoto mgongoni kafunikwa gubigubi. Akaketi ukingoni mwa mkeka, akatazama sinia yangu, macho yakamjaa machozi.

"Mama, hata kwetu tunavalishaka batoto hii," akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. "Ya kwangu ilikatikia mu maji. Unitungie moja tu, ya Riziki yangu."

Ningemkatalia vipi? Nikamwambia amshushe mtoto nimpime. Akasema amelala, nipime hivyo hivyo. Basi nikauchukua ule ule uzi wenye fundo la Zuhura, nikapitisha ncha yake ya pili chini ya kitenge, nikazungusha. Kiuno kilikuwa chembamba mno, tena baridi, baridi ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Nikajisemea, maskini, safari ya ziwani hiyo. Nikaweka fundo la pili, nikakata katikati, nikatunga shanga mbili sare, nyeupe na buluu, moja ya kwangu na moja ya kwake. Uso wa mtoto wake sikuuona, na sikuomba kuuona. Hapo nilikosea mara ya pili, na mimi makosa yangu siyafichi.

Ijumaa iliyofuata akarudi, anatabasamu. "Mama, mutoto anakomea! Inamubana. Uniongezee tatu." Mtoto wake kakua, nikafurahi naye, nikaongeza tatu. Ijumaa ya pili, tatu nyingine. Ya tatu, tatu nyingine. Na kila mara kile kitenge kilikuwa kibichi mgongoni, kiangazi chote kile, na mtoto hajawahi kulia wala kukohoa.

Na wangu? Wangu alikuwa anaisha. Wiki ya kwanza shanga zilishuka nyongani. Ya pili, mapajani. Kliniki wakampima, wakatazama macho, ulimi, damu, hawakuona ugonjwa, wakaniambia nizidishe uji. Ananyonya vizuri, uji anakula, na bado anapungua. Mama mkwe akaniambia niache shanga niangalie mtoto, eti nimemtupa kwa ajili ya vitu vya kuchezea. Lilinichoma neno lile. Usiku sikulala, nilikuwa nikiweka mkono kifuani pake kuhakikisha anapumua.

Alhamisi ya wiki ya nne nilimwogesha, na shanga zikamtoka zenyewe miguuni zikabaki kwenye beseni. Nikakata uzi mpya nikampima. Nikaulaza kando ya zile shanga, nikahesabu punje zilizozidi. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Na yule mgeni nilimwongezea mara tatu, kila mara tatu. Niamini, beseni lilinitoka mikononi. Nilikaa chini kwenye maji yale na neno la bibi yangu likanijia lote, nikalia kwa hasira, si kwa woga. Nilikuwa nimemfunga mwanangu na mtoto wa mtu kwa uzi mmoja, na kila nilichoongeza kule nilikuwa nakipunguza huku, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama mkwe akataka tuhame kesho yake alfajiri, twende kwa ndugu zake mtaa wa Buzebazeba, nyumba ifungwe. Nikamwambia, "Mama, samahani, sihami. Huyu anakuja kwangu, atanikuta kwangu." Akaniona nimechanganyikiwa.

Ijumaa, baada ya Alasiri, nikakaa mkekani pale pale. Zuhura mapajani, mwepesi kama kanga iliyokunjwa. Mkasi mkono wa kulia. Akaja. Jirani yangu Mama Hamisi alikuwa ng'ambo ya njia akichambua mchele, naye alimwona kwa macho yake, kwa hiyo msiniletee habari za ndoto.

"Uniongezee tatu, mama. Ya mwisho."

"Siongezi."

Akamtazama Zuhura kwa muda mrefu, na sikumwona kupepesa.

"Weye utazaa ingine," akasema taratibu. "Mimi yangu niliiacha mu maji. Uniachie huyu tu."

Sijui wewe ungefanya nini. Mimi nilimvuta Zuhura kifuani. Nikamwambia, "Nitazaa wengine, dada yangu. Huyu hatazaliwa mara ya pili. Simtoi."

Akainuka. Nami nikainuka na mwanangu kiunoni, nikamfuata hatua mbili, nikaingiza mkono chini ya kile kitenge kibichi, nikazishika shanga nilizotunga mwenyewe, nikakata.

Punje zikamwagika sakafuni. Kitenge kikalegea, kikaanguka. Hakukuwa na mtoto. Yalikuwa maji tu, yakatiririka barazani hadi kwenye mchanga, yananuka ziwa.

Ulidhani atanirukia kooni? Na mimi nilidhani hivyo. Hakufanya hivyo. Alichuchumaa, akaanza kuokota shanga, moja moja, kama mwanamke yeyote aliyemwaga vitu vyake. Na mimi, Mungu anisamehe au anilipe, nikachuchumaa nikamsaidia. Tulipomaliza nikakata uzi mpya, nikampima mkono wake mwenyewe, nikamtungia bangili na shanga zile zile, nikamfunga. Mkono wake ulikuwa baridi hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Akasema, "Aksanti, mama." Akashika njia ya ziwani na sijamwona tena.

Usiku ule Zuhura alinyonya hadi akacheua. Mwezi haukuisha, mikunjo ikarudi.

Watu wakataka kumfanya kisingizio. Vijana wa mtaa wakaja barazani kuniuliza amekwenda upande gani, yuko na kundi gani, wawatoe wote, eti wametuletea uchawi. Niliwafukuza na ufagio. Yule hakuwa uchawi wa mtu. Alikuwa mama aliyemwachia ziwa mtoto wake, na akina mama wa namna hiyo hata sisi wa Ujiji tunao. Nilipigana naye, ndiyo, na ningepigana naye tena kesho. Lakini sikumpa mtu ruhusa ya kupiga wenzake kwa jina langu.

Mama mkwe akazimwaga shanga zangu zote chooni. Nikaenda Mwanga sokoni nikanunua nyingine, nikatandika mkeka mahali pale pale. Natunga hadi leo. Na Zuhura hadi leo ana mstari wa baridi kiunoni, unaweza kuugusa kwa kidole hata akiwa juani. Mumewe analalamika. Namwambia avumilie, kuna aliyetaka kuchukua zaidi ya hapo.

Basi wewe unayenisikiliza, kama una mtoto, mpime kwa uzi wake peke yake, hata kama uzi wenyewe ni wa mwisho ndani ya nyumba. Akija mama mwenye kitenge kibichi mgongoni, mpe maji, mpe chakula, mpe kivuli. Akitaka umpimie mtoto, mwambie kwanza amfunue uso. Akikataa, usikimbie na usimtukane. Mshike wako vizuri, mtazame yule mama machoni, umwambie hapana. Mimi nilimwambia hapana mtu anayelia mbele yangu, na hapana yangu ile sasa hivi iko jikoni na watoto wake wawili, inanipigia kelele niache kusimulia nije nile.