Maneno Ambayo Mama Kyalo Hakuyasema

Iko Ijumaa moja isiyonitoka akilini, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia hapa kibandani, simu mkononi, ukiwaambia wenzako kwamba tungeingia kule ng'ambo ya mpaka tungewamaliza mara moja. Hukuniona nikiweka nyundo chini. Sikukukatiza. Maneno ya mzee yakitoka kwa hasira, kijana huokota hasira na kuacha maneno, kwa hiyo nilingoja nipoe. Leo nimepoa kiasi. Vuta kiti hicho.

Wakati huo nilikuwa bado nahesabiwa kijana, ingawa nilikuwa na mke na mtoto. Kibanda changu kilikuwa papa hapa Kawangware, steji ya 56, nyuma ya duka la hadiweya, la misumari na mabati, na kazi yangu ilikuwa hii hii ya kuchomelea milango na grili za madirisha. Kila Ijumaa nilinunua gazeti letu la Kikamba pale steji, na watu wa nyumbani, wa Kitui na Machakos, walikuja kunisikiliza nikilisoma. Walikuwa mafundi, wauza mitumba, na walinzi waliokuwa wakielekea kazini. Si kwamba hawakujua kusoma. Walipenda tu kusikia lugha ya mama ikisomwa kwa sauti katikati ya honi za Nairobi. Na ukurasa walioungoja ulikuwa mmoja, ule wa maoni ya Nzioka.

Nzioka alikuwa mtu wetu. Alikuwa amepanga nyumba ya ghorofa kule Gatina, na tulisali naye kanisa moja. Aliandika juu ya mipaka, mikataba, wakimbizi, silaha, na nani amekorofishana na nani kati ya majirani zetu. Alikuwa fundi wa maneno, sitamnyima haki yake. Mambo yaliyotupita juu ya vichwa redioni, yeye aliyaweka kwa Kikamba hata anayemenya viazi akayaelewa. Tulijiona wakubwa. Tulijadili usalama wa kanda nzima tukiwa tumekalia mikebe ya rangi.

Ijumaa hiyo makala yake ilikuwa na kichwa cha neno moja: "Tuvuke." Kulikuwa na watu wenye bunduki waliokuwa wakiingia kutoka nchi jirani, wakiteka na kuua, na hofu yetu ilikuwa ya kweli, hilo silikatai. Nzioka aliandika kwamba nyoka hupigwa shimoni mwake. Tuingie, tuwafuate hadi walalapo, tusirudi mpaka wa mwisho wao aweke silaha chini. Nilisoma nikamaliza, na watu wakapiga makofi. Haukupita muda majeshi yakavuka.

Miongoni mwa waliovuka alikuwemo Kyalo. Huyu alijifunza kuchomelea pamoja nami kabla ya kuingia jeshini, na kovu la moto alilokuwa nalo mkononi alilipata kwenye mashine yangu. Mama yake alikuwa mjane, akikaa Soweto West kule Kibera, akiuza mlangoni pake muthokoi uliopikwa, yale mahindi yetu yaliyokobolewa yakachanganywa na maharagwe. Sisi tulimwita Mama Kyalo, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumwita kwa jina lake. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa na desturi ya kupitia kwake kula.

Kyalo alirudi likizo mara moja tu. Nilimkuta kwa mama yake, amekonda, akila polepole kama mtu anayefikiria kila tonge. Mama alimwuliza kukoje huko.

"Kuna mama mmoja kule, rika lako," Kyalo akasema. "Nilimpa maji akakataa. Alikuwa na kiu, midomo imepasuka, lakini aliangalia hii sare akakataa."

"Ungeivua kwanza."

"Singeweza, mama."

Kisha akatuangalia sote wawili. "Mimi nataka hii kitu iishe turudi nyumbani. Hakuna mtu kule anajua mwisho wake uko wapi. Hata wakubwa wetu hawajui."

Kitanda usichokilalia, wahenga walisema, hujui kunguni wake. Yeye alikuwa amekilalia. Mimi nilikuwa nimekisoma gazetini tu.

Alirudi kazini, na mwezi uliofuata gari lao likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Sanduku lililetwa limefungwa, na Mama Kyalo akashauriwa kwamba ni heri lisifunguliwe. Alilipapasa juu ya kifuniko tangu kichwani hadi miguuni, kama anayetafuta mahali pa kumshika mwanawe.

Matanga yalikuwa Soweto West, chini ya hema lililobanwa kati ya nyumba za mabati hata waombolezaji wa nyuma wakakaa vizingitini mwa majirani. Alasiri moja Nzioka akaja, amevaa suti nyeusi, akaomba ruhusa ya kusoma kitu alichoandika kwa heshima ya marehemu. Alikisoma vizuri. Sauti yake ilitetemeka mahali panapostahili kutetemeka, na alimalizia hivi: damu ya Kyalo isiende bure, tusonge mbele.

Watu wengine waliitikia "amina." Mama Kyalo alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta.

"Nzioka mwanangu," akasema, "rudia hapo mwisho."

"Tusonge mbele, mama."

"Hiyo 'tu' ni akina nani?"

Kwa Kikamba kama kwa Kiswahili, ni silabi ndogo tu, na mimi nilikuwa nimeisoma kila Ijumaa bila kuitazama usoni.

"Ni sisi sote, mama," Nzioka akasema. "Ni nchi."

"Wewe utasonga lini?"

"Mimi kazi yangu ni kuandika."

"Una vijana?"

"Ninao wawili. Wako shule."

"Wakae shule. Mungu akutunzie." Hakuwa anamkejeli, alisema kama mzazi kwa mzazi. "Lakini usiandike 'tusonge'. Andika 'wasonge', ili watu wajue kwamba wewe umebaki. Na Kyalo wangu usimtie humo. Alikaa ndani ya nyumba hii akasema anataka iishe warudi. Mutinda alikuwepo," akasema akininyooshea mkono mimi. "Mtoto wangu hakuacha kazi ya kumaliziwa na watoto wa wenzangu."

Nzioka aliinamisha kichwa. "Nimekusikia, mama," akasema, na mimi nikaamini kwamba amesikia. Sijawahi kusikia mzee akimkanya mtu kwa upole kama ule. Ungedhani hata jiwe lingelainika.

Ijumaa iliyofuata nilinunua gazeti, watu wakakusanyika. Makala ilimhusu Mama Kyalo. Nzioka alieleza nyumba ya mabati kule Kibera, mkeka, na ukuta ulioegemewa, yote sawasawa jinsi yalivyokuwa. Kisha akaandika kwamba mjane huyo alifuta machozi akasema: "Nilizaa mmoja. Ningekuwa na kumi ningewatoa wote. Songeni mbele."

Sikuweza kuendelea. Mlinzi mmoja alilichukua gazeti mikononi mwangu akamalizia kusoma, na alipomaliza, watu wazima walikuwa wanalia. Niliwaambia mama hakusema hivyo, nilikuwepo. Wakanitazama kama mtu anayewaharibia ibada.

Kesho yake nilipanda ngazi za nyumba ya Nzioka pale Gatina. Mkewe alinikaribisha vizuri, akaniletea chai. Nilimwambia Nzioka kilichonileta.

"Najua hakusema," akajibu. Hata hakubabaika. "Lakini fikiria, Mutinda. Adui naye anasoma. Ukiandika kwamba mama wa askari anataka majeshi yarudi, umempa adui risasi. Mimi niliandika kile ambacho mama wa nchi angesema."

"Yeye ni mama wa Kyalo."

"Kwa wakati huu ni wa nchi."

"Utasahihisha?"

"Wacha yapite. Utamwumiza bure. Kwani yeye husoma gazeti?"

Chai niliiacha mezani. Ni vibaya kuacha chai ya mwenyeji wako, mwanangu, na mkewe hakuwa na kosa, lakini singeweza kuinywa.

Nzioka alikosea jambo moja tu: mtu hahitaji kusoma ili yaliyoandikwa juu yake yamfikie. Jumapili hiyo akina mama walimpangia foleni Mama Kyalo nje ya kanisa letu wakimshika mikono. Mama, umetutia nguvu. Mama, wewe ni jasiri, mimi nisingeweza. Akanivuta kando akaniuliza, "Wanasema nimesema. Nimesema nini?" Nikamwambia. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi, na kitambaa chake cha kichwa kikafunguka asijali kukifunga.

Jumapili ya pili alisimama wakati wa ushuhuda. "Maneno yale ya gazeti hayakutoka kinywani mwangu," akasema. "Ningekuwa na kumi ningewaficha wote kumi. Mtoto wangu alitaka wenzake warudi. Nawaomba mniamini." Akakaa. Mchungaji alimshukuru, kisha akaomba Mungu amfariji mjane huyu ambaye majonzi yamemlemea. Tulipotoka nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Uchungu umemchanganya, maskini." Na mwenzake akajibu, "Lakini si imeandikwa?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipochachuka, na haujarudi kuwa mtamu. Mtu mzima alisimama mbele yao na ulimi wake mwenyewe, wao wakaamini karatasi ambayo kufikia siku hiyo ilikuwa imeshafungia nyama buchani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema hivyo kila siku, lakini mzazi alipoueleza, tulimwambia haujui.

Nzioka alipanda. Aliitwa redioni, akaitwa kwenye mikutano ya hotelini kuzungumzia usalama, akahama Gatina akajenga kwake. Vijana wake walimaliza shule. Nilifurahi kwa ajili yao, wao hawakumkosea mtu. Vita navyo havikwisha, ni makala tu zilizohamia mambo mengine. Wa mwisho yule aliyetakiwa aweke silaha chini hajapatikana mpaka leo, na kila mara sanduku jingine hufika kwenye kijiji fulani, mama akaambiwa lisifunguliwe.

Mama Kyalo aliendelea kuuza muthokoi wake. Wateja wapya wakielezwa yeye ni nani, walielezwa kwa maneno yale yale. Mwanzoni alikuwa akiyakanusha. Baadaye akawa anainamia sufuria yake tu, anapakua. Alipofariki tulimwombea hapa Kawangware kabla ya kumsafirisha Kitui, na yule aliyekuwa akiendesha ibada akasoma wasifu wake: mama shujaa, aliyesema songeni mbele. Niliomba kipaza sauti. Nikasema marehemu hakusema hivyo, na kwamba aliishi miaka mingi akiomba aaminiwe. Kiongozi wa ibada alikipokea kipaza sauti kwa heshima kubwa. "Tunamshukuru mzee wetu kwa hisia zake," akasema, "lakini muda si rafiki." Kwaya ikaimba.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sitaki uondoke ukidhani nimekwambia nchi isilindwe. Nyumba isiyo na mlango huingia hata mbwa, na mimi maisha yangu yote nimetengeneza milango. Anayesimama mpakani akalinda, mheshimu. Lakini mtu akikwambia au akikuandikia kwamba tuingie, tuvuke, tuwamalize, mtazame yuko wapi yeye na watoto wake wako wapi. Kisha jitazame na wewe. Usishabikie vita kama mpira. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa siku hizi wanajua kuandika, wanajua hata Sheng. Siku hizi kuna vita vya mbali kiasi kwamba mji wenyewe huwezi kuutamka, na bado wapo wanaokuja hapa hapa kuwadanganya vijana kwamba huko kuna kazi ya ulinzi. Akikuita mtu wa namna hiyo, njoo kwangu kwanza, hata kama umekasirika nami.

Aliyetoka vitani akizungumza, nyamaza umsikilize hadi mwisho, hata kama anasema usichotaka. Na aliyefiwa usimpe maneno. Ukitumiwa kwenye simu kwamba mama fulani wa nchi fulani amesema hivi baada ya kumzika mwanawe, na hukukaa mkekani pake, usimtumie mwenzako. Huenda huyo mama yuko mahali anawaomba watu wamwamini. Ulimi hauna mfupa lakini huvunja mifupa, na ule wa kuazimwa huvunja zaidi kwa sababu mwenyewe hayupo wa kuuzuia.

Ni hayo tu. Mungu akulinde utokapo na uingiapo. Akupe kazi ya mikono yako hapa hapa, karibu na wanaokujua kwa jina. Akujalie uzeeke mpaka uwachoshe wanao kwa hadithi zako, na siku yako ikifika, wao ndio wakuzike wewe.